Kinyonga wa mtoto, jua na chupa ya vitamini

Chake Chake. Watu wazima wengi wa pwani wakimwona kinyonga mtini hupita mbali. Watoto hawana habari hiyo. Humshusha kwa kijiti, humtia kwenye boksi, humtafutia panzi, na boksi huwekwa chini ya kitanda.

Kinyonga hana sumu, na mara nyingi anayeumia katika mchezo huo ni yeye mwenyewe. Ndani ya boksi anakosa kitu kisichouzwa dukani, nacho ni jua.

Miale ya urujuanimno ya jua huiwezesha ngozi yake kutengeneza vitamini D. Bila hiyo, kalsiamu iliyomo kwenye chakula haifyonzwi ya kutosha, na mwili huanza kuichota kwenye mifupa. Miguu hupinda, taya hulegea, ulimi hushindwa kunasa mdudu, na mwisho hufa.

Ulaya na Marekani, wanaofuga vinyonga ndani ya nyumba huwawekea taa maalumu, na wadudu hupakwa unga wa kalsiamu na vitamini kabla ya kulishwa. Hata hivyo, unga huo hutolewa kwa kipimo. Vitamini D hujilimbikiza mwilini, na ikizidi, kalsiamu hutua kwenye figo na mishipa ya damu.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu kinyonga wa Madagascar aitwaye Furcifer pardalis. Waliolishwa vitamini D kidogo walijiweka zaidi kwenye miale kuliko waliolishwa nyingi. Kwa maneno mengine, mnyama huyu akiwa huru hujipimia mwenyewe. Kwa hiyo dawa ya kinyonga wa chini ya kitanda ni kumrudisha mtini, kisha mtoto anawe mikono kwa sabuni, maana wanyama wa jamii yake huweza kubeba bakteria wa salmonela.

Mtoto naye anahitaji jua

Mwili wa mtoto nao hutengeneza vitamini D kwa njia hiyohiyo, na akiikosa hupata matege. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo. Kumlaza mtoto kwenye jua linalopita dirishani hakusaidii, kwa kuwa kioo huzuia miale inayohitajika. Dakika chache nje, mikono na miguu ikiwa wazi, bila kumwacha aungue, zina faida zaidi. Mtoto mwenye ualbino yeye akingwe na jua, na mzazi aulize kituo cha afya namna nyingine ya kumpatia vitamini hiyo.

Chupa si peremende

Wazazi wengi huamini kuwa vitamini na madini ya dukani, hata yasiposaidia, hayadhuru. Pemba ina ushahidi wake wa kinyume.

Utafiti mkubwa uliofanyika kisiwani humu, ukiishirikisha Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, ulihusisha watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35. Agosti 2003, utoaji wa madini chuma na asidi ya foliki ulisitishwa. Watoto waliopewa walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kuugua sana au kufariki dunia. Malaria wakati huo ilikuwa nyingi. Matokeo yalichapishwa 2006 katika jarida la The Lancet.

Hilo halina maana kwamba madini chuma ni sumu. Katika utafiti huohuo, watoto waliopimwa na kukutwa na upungufu wa madini hayo pamoja na upungufu wa damu walinufaika. Tofauti ilikuwa kipimo.

Kwa hiyo mzazi, usikose matone ya vitamini A yanayotolewa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, kwani hayo yana kiwango maalumu. Chupa nyingine yoyote, uliza kwanza kituoni. Na ukiona miguu ya mtoto inapinda, amechelewa kutembea au amepata degedege, usikimbilie duka la dawa. Mpeleke hospitali apimwe.