Shaba Iliisha, Mteremko Ukabaki

Kilele cha Mlima Homa, ule tunaouona umesimama peke yake kando ya ziwa, kina mita 1,751 kutoka usawa wa bahari. Huko Austria kuna mashindano maarufu ya kuteleza juu ya theluji yanayoanzia mita 1,665 tu, na kuishia mita 805, chini ya usawa wa maji ya Ziwa Victoria! Basi msomaji, sisi hatukukosa mlima. Tumekosa baridi, kwa kuwa tunakaa jirani na ikweta.

Mji wenyewe ni Kitzbühel, na njia ya mashindano huitwa Streif. Mchezaji hufunga miguuni skii, yaani mbao mbili ndefu na nyembamba, akatelemka mita 3,312. Mahali paitwapo Mausefalle, maana yake mtego wa panya, mteremko ni mkali hata mtu huruka hewani kama jiwe la kombeo. Mwaka wa 1997 Fritz Strobl alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 51.58. Hiyo ni zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na hana gari wala pikipiki!

Mchezo huu haukutupita kabisa. Mwaka wa 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi huko PyeongChang, Korea Kusini.

Lakini lililonivutia mimi zaidi ni historia ya mji huo. Zamani, katika karne ya 15 na ya 16, Kitzbühel ilitajirika kwa shaba na fedha. Madini yakapungua, utajiri ukaondoka. Mwaka wa 1893 mkazi mmoja, Franz Reisch, aliyeagiza skii kutoka Norway, akatelemka nazo mlimani kwao. Mwaka wa 1931 mashindano yakaanza. Leo kila Januari maelfu ya watazamaji humiminika, na mwenye hoteli na mwenye duka wote hupata riziki.

Nasi watu wa Migori tulikuwa na shaba yetu. Mgodi wa Macalder, kule Nyatike, ulitoa shaba na dhahabu mpaka ulipofungwa mwaka wa 1966. Hadi leo vijana wetu wanaitafuta dhahabu kwa sururu, na wengine hufukiwa mashimoni. Lakini si mali yote iliyo chini ya ardhi. Tunazo kuta za Thimlich Ohinga, mawe yaliyopangwa bila saruji tangu yapata karne ya 16, ambazo UNESCO iliziandika katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2018. Je, ni wangapi kati yetu tumewapeleka watoto wetu kuziona?

Mlima wa Kitzbühel ulikuwapo tangu enzi na enzi. Reisch aliongeza mbao mbili tu.