Juu ya Kuchagua Mfumo Endeshi wa Kompyuta

Huko Bujora, karibu na Mwanza, wacheza ngoma wa Kisukuma hushindana kwa vyama viwili, Bagika na Bagalu, na kushika upande ndiko utamu wa mchezo. Kwa mifumo endeshi ushabiki huo hauna faida. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitumika katika Linux na Windows vilevile. Aliyetaka Kiswahili hakulazimika kuhama. Windows 10 ilikoma kupata marekebisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi kuukuu hazipokei Windows 11. Mwenye mashine hiyo, kazi yake kuandika matini ya Kisukuma tu, yamfaa Linux, isiyolipiwa. Lakini ikiwa programu yake ya sauti haiendi ila katika Windows, na atafute mashine mpya.