Baiskeli ya umeme: fungeni mwizi nje, msilale na moto ndani

Mzazi wa Ujiji anayenunua baiskeli ya umeme ili kuwapeleka watoto shule au kubeba samaki kutoka Kibirizi ana vitu viwili vya kulinda: baiskeli na betri yake.

Kufuli la waya mwembamba hukatwa kwa koleo haraka. Afadhali la chuma kigumu lenye umbo la U, au mnyororo mnene. Lipitishwe kwenye fremu, kwani gurudumu hufunguliwa kwa spana, kisha lifungwe kwenye nguzo iliyochimbiwa ardhini. Tundu la ufunguo litazame chini, mvua na mchanga wa ufukweni visiingie.

Betri nyingi zina kufuli lake. Chomoa ufunguo kila ushukapo.

Wanaoiingiza ndani usiku wawe makini. Betri ya lithiamu iliyoharibika huweza kuwaka ghafla na kutoa moshi wenye sumu. Usiichaji wanapolala watoto, wala karibu na mlango: nyumba yenye nondo madirishani, mlango ndio njia pekee ya kutokea. Tumia chaja yake, tena mchana mkiwa macho. Ikivimba au kutoa harufu, acha kuitumia.