Jina moja, madaftari mawili: Somo la ukweli kutoka Garissa

Wengi wetu tukisikia ukweli unatajwa katika Uislamu, twafikiria ulimi peke yake: usiseme uongo, basi. Wanazuoni wetu wameupanua zaidi. Kuna ukweli wa nia, wa kauli, wa ahadi na wa ushahidi. Huu wa mwisho ndio mzito, kwa sababu madhara ya ushahidi wa uongo hayaishii kwa aliyeutoa. Kisa cha Wakenya wa Garissa walioandikwa kuwa wakimbizi katika nchi yao wenyewe chaonyesha hivyo wazi.

Ilivyokuwa

Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka huko Somalia. Zilikusudiwa watu wapatao 90,000. Kufikia ukame wa 2011 zilikuwa na karibu nusu milioni. Pembeni mwa kambi waliishi wenyeji, Wakenya wafugaji, ambao mifugo yao ilikufa kwa ukame ule ule. Ndani ya kambi kulikuwa na unga, mafuta, dawa na shule. Nje, mara nyingi hapakuwa na kitu. Baadhi ya wazazi wakaingia kwenye foleni wakajiandikisha, wao na watoto wao, kama watu waliovuka mpaka. Wapo pia waliotumaini kupelekwa ng'ambo. Majina yakaandikwa, alama za vidole zikahifadhiwa.

Miaka ikapita. Mtoto ametimiza 18, akenda kuomba kipande. Aweka vidole, na mtambo wajibu kwamba huyu ni mkimbizi. Ombi lakwama hapo. Bila kipande hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, hapigi kura, na kila kizuizi cha polisi barabarani kwake ni mtihani. Yamewafika maelfu, hata suala likapelekwa Mahakama Kuu ya Garissa. Miongoni mwao wapo walioandikwa wakiwa wadogo mno, hata siku yenyewe hawaikumbuki.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Qur'ani, katika Sura Al-Baqara aya ya 173, yamwondolea dhambi aliyelazimika kula kilichoharamishwa, maadamu hakutamani wala hakupita kiasi. Hivyo hatuwezi kuketi Mombasa au Malindi, matumbo yamejaa, tukamtia motoni mama aliyetafuta unga wa wanawe.

Lakini kusamehewa dhambi ni jambo moja, na athari ya neno lililoandikwa ni jambo jingine. Njaa ilipita, daftari likabaki. Mzazi alisema, mtoto akalipa.

Ndiyo maana dini yetu haikuudharau uongo unaomhusu mtoto. Imepokewa kwamba mama mmoja alimwita mwanawe kwa kumwahidi kumpa kitu. Mtume Muhammad (S.A.W.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu, tende. Mtume akamweleza kwamba lau asingempa chochote, ungeandikwa kwake ni uongo. Ikiwa ahadi ya tende yahesabiwa, je, jina na nchi ya mtoto?

Ukweli una gharama

Wako wasemao kwamba mkweli hufa masikini. Uislamu haukuficha kwamba ukweli huuma. Ka'ab bin Malik alibaki Madina wakati wa safari ya Tabuk bila udhuru. Mtume aliporudi, wanafiki walikwenda na visingizio vyao, vikapokelewa kwa dhahiri, wakaenda zao. Ka'ab akasema kweli: sikuwa na udhuru. Malipo yake ya kwanza yalikuwa kutengwa siku 50, hata salamu hajibiwi. Kisha toba yake na ya wenzake wawili ikateremshwa katika Sura At-Tawba, na aya inayofuata, ya 119, ikawaamuru waumini wawe pamoja na wakweli.

Uongo hulipa mapema na kudai baadaye. Ukweli hudai mapema na kulipa baadaye. Hiyo ndiyo hesabu ya Ka'ab, na vijana wa Garissa wameionja kwa upande wa pili.

Dawa nayo yahitaji wakweli

Kulitoa jina katika daftari la wakimbizi kwahitaji watu wa kushuhudia: wazee, machifu, jamaa, majirani. Hapa ndipo mtihani ulipo. Mzee anayemkana kijana kwa sababu si wa ukoo wake, au anayemthibitisha mgeni kwa sababu amepewa kitu kidogo, ameingia katika ushahidi wa uongo. Mtume alipoyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliketi wima, akalirudia onyo hilo hata maswahaba wakatamani anyamaze. Sura An-Nisaa aya ya 135 nayo yataka tushuhudie haki ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa.

Na afisa wa serikali hayuko nje ya mizani hii. Anayejua kwamba aliye mbele yake ni Mkenya, kisha akamwambia rudi kesho miaka nenda miaka rudi, naye ameficha ukweli. Mwezi wa Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitangaza kuondolewa msasa wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho Kaskazini Mashariki. Ni hatua ya kushukuriwa. Lakini msasa unapopungua, neno la kila shahidi lazidi uzito.

Sisi wa Pwani tusidhani haya ni ya wenzetu. Wabajuni wayajua maswali ya kipande. Nasi tunazo hati za viapo zenye miaka iliyopunguzwa ili mtu apate kazi, na mashahidi wa mashamba ambao mipaka hawakuiona. Kila mojawapo ina mtoto atakayeulizwa kesho.

Basi kabla ya kutia sahihi au kidole, mtu ajiulize: neno hili nitalibeba mimi, au nitawabebesha wanangu? Na ambaye alisema lisilo kweli siku ya shida, mlango wa kulisahihisha u wazi angali hai, maana akifa, mwanawe atakosa shahidi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wakweli.