Uzito wa Juu: Zebaki na Tope la Ituri

1. Kizito kuliko vyote
Bidoni ya lita 20 iliyojaa maji hubebwa kichwani kila asubuhi mjini Bunia, Ituri. Ijaze zebaki: kilo 272, zaidi ya mifuko mitano ya saruji! Ijaze dhahabu: kilo 386, bingwa asiye na mpinzani hapa. Ndiyo maana mchimbaji wa Mongbwalu huosha mchanga ukaenda na maji, dhahabu ikabaki. Kwa sababu hiyohiyo, zebaki anayotumia kunasa dhahabu ikimponyoka hukimbilia chini kabisa, kwenye tope la mto.

2. Kikongwe
Dhahabu ya eneo la Kilo, Ituri, iligunduliwa 1903, na machimbo yakaanza 1905, Kongo ikiwa bado mali binafsi ya Leopold II. Zebaki inayomwagwa kwenye machimbo kama hayo haiozi. Aliyeimwaga akifa, yenyewe ipo.

3. Kidogo chenye madhara makubwa
Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 6 za zebaki kwa lita. Gramu moja, ambayo ni kama tone moja na nusu tu, ikiyeyuka yote ingefikisha kwenye kikomo hicho bidoni 8,300. Hapa mdogo ndiye anayetisha, na mimi namvulia kofia huku nikirudi nyuma.

4. Mpandaji hodari
Bakteria wa tope huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki. Vijidudu huila, samaki wadogo huwala vijidudu, na samaki mla samaki huikusanya yote. Ndani ya samaki wa aina hiyo kiwango chaweza kuzidi kile cha maji mara milioni! Katika Ziwa Albert, aliye juu ya ngazi hiyo ni kapiteni (sangara). Tilapia, mla mwani, yuko mbali nyuma.

5. Mtoaji mkuu duniani
Si makaa ya mawe. Ni uchimbaji mdogo wa dhahabu: tani 838 za zebaki angani mwaka 2015, asilimia 38 ya zote zinazotokana na binadamu. Malori 83 ya tani 10, na la 84 karibu lijae.

6. Ufuo wa kutisha
Minamata, Japani. Karibu na mfereji wa kiwanda cha kemikali cha Chisso, kilichomwaga zebaki ghubani, tani moja ya tope ilikuwa na kilo 2 za zebaki. Kuisafisha ghuba kulichukua 1977 hadi 1990: mita za ujazo milioni 1.5 za tope, safari 150,000 za lori la mita za ujazo 10. Nchi kavu iliyozaliwa hapo ni hekta 58, viwanja 81 vya mpira.