Mpira wa Pete Huanza Miguuni

Mpira wa pete, au netiboli kama wengi wanavyouita, huchezwa na timu mbili zenye wachezaji 7 kila moja. Lengo ni kupitisha mpira kwenye pete ya chuma iliyo juu ya mlingoti wa mita 3.05, usio na ubao nyuma yake. Mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao wala kwenda akiudundadunda, na ana sekunde 3 tu za kutoa pasi au kufunga. Kwa masharti hayo, anayekimbia ni yule asiye na mpira, na kazi ya aliyeudaka ni kutua vizuri, kuona na kutoa.

Katika shule za Tanzania mchezo huu ni miongoni mwa michezo iliyozoeleka zaidi kwa wasichana, na umo katika mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Wanaojifunza Kasumulu, wilayani Kyela, wana mfano wa kuigwa karibu kabisa. Ng'ambo ya daraja la Mto Songwe ni Malawi, ambayo timu yake ya taifa ya wanawake imekaa miaka mingi kati ya timu 10 bora duniani. Ilimaliza ya 5 kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 2007, na mwaka 2018 iliifunga New Zealand 57 kwa 53 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast, Australia. Mfungaji wake mashuhuri, Mwai Kumwenda, alicheza pia ligi ya Australia na timu ya Melbourne Vixens.

Anayeanza hutamani kufunga kwanza. Mwalimu mwenye subira humzuia kidogo, kwa sababu makosa mengi ya mgeni wa mchezo huu yako miguuni. Kanuni ya hatua inasema hivi: mguu uliotangulia kugusa chini baada ya kudaka, au uliokuwa chini wakati wa kudaka, ndio mguu wa kutua. Mguu wa pili uko huru kupiga hatua upande wowote, mara nyingi kadiri mchezaji anavyotaka, huku ule wa kutua ukizunguka palepale, kama mbuzi anavyozunguka kigingi alichofungwa. Mguu wa kutua unaweza kuinuliwa, lakini mpira lazima uwe umetoka mikononi kabla mguu huo haujarudi chini. Kuuburuta au kurukaruka juu yake ni kosa, na mpira huenda kwa wapinzani. Aliyetua kwa miguu yote miwili kwa pamoja ana nafuu: anachagua mwenyewe mguu gani ausogeze, na ule unaobaki ndio unaohesabiwa kuwa wa kutua.

Zoezi lake halihitaji hata mpira. Wanafunzi hukimbia taratibu, na filimbi ikilia hutua mara moja, miguu ikiwa imepanuka kiasi cha upana wa mabega, magoti yamekunjwa na kifua kimeinama kidogo mbele. Filimbi ya pili ni ya kuzunguka. Zoezi hili huchosha na watoto hulinung'unikia, lakini lisifupishwe. Netiboli inajulikana kwa majeraha ya kano za goti, kwa sababu mchezaji aliye kwenye mbio husimama ghafla. Goti lililonyooka, au lililolala kwa ndani, hubeba mshtuko wote peke yake. Likikunjwa na kuelekea upande wa vidole vya mguu, mshtuko hugawanyika kati ya misuli ya paja na ya nyonga. Kipimo rahisi ni sikio: kishindo kikubwa kinaonyesha kwamba mwili haukulegea wakati wa kutua.

Baada ya miguu huja kudaka. Mchezaji hungoja mpira akiwa amenyoosha mikono mbele na kutanua vidole, vidole gumba viwili vikikaribiana nyuma ya mpira. Mpira ukigusa vidole, viwiko hukunjwa na mpira huvutwa kifuani. Anayeungoja uje wenyewe hadi kifuani hunyang'anywa, maana adui huingia katika nafasi iliyo kati. Ndiyo sababu hufundishwa kuufuata mpira kwa hatua moja mbele, hata pale pasi ilipoonekana rahisi.

Pasi ya kwanza kujifunza ni ya kifua. Mikono yote miwili husukuma kwa pamoja, mguu mmoja ukitangulia, na vidole humalizia vikielekea alipo mlengwa. Hii ni ya masafa mafupi, mita 3 hadi 5. Pasi ya bega hurushwa kwa mkono mmoja kutoka nyuma ya sikio, mguu wa upande wa pili ukiwa mbele, na nguvu yake hutoka nyongani kabla ya kufika mkononi. Ndiyo inayovuka masafa marefu. Pasi ya juu ya kichwa humpita aliyesimama mbele. Pasi ya kudundisha hupita chini ya mikono yake, na mpira hudunda ukiwa umevuka nusu ya njia ili umfikie mdakaji usawa wa kiuno. Hakuna pasi inayorushwa mahali mwenzako alipo sasa ikiwa anakimbia. Hurushwa pale atakapokuwa, na jicho la kukadiria hilo huja polepole kuliko ufundi wa mkono.

Kiwanja chenye urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25 hugawanywa sehemu tatu sawa, na mpira haurushwi kuvuka sehemu nzima bila kuguswa ndani yake. Herufi anazovaa kila mchezaji kifuani huonyesha nafasi na mipaka yake. C, mchezaji wa kati, huzunguka sehemu zote tatu isipokuwa ndani ya nusu duara mbili za kufungia. GK, mlinzi wa goli, hulinda theluthi ya mwisho tu. Wanaoruhusiwa kufunga ni wafungaji wawili, GS na GA, peke yao, nao lazima wawe ndani ya nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 4.9.

Ufungaji una hesabu yake. Pete ina kipenyo cha sentimita 38, na mpira wa kawaida ni sentimita 22 hivi. Mpira unaoshuka wima huiona pete yote. Unaokuja ukiwa umelala huiona nyembamba. Ukishuka kwa pembe ya nyuzi 60, hubaki nafasi ya sentimita 11 hivi ya kukosea. Kwa nyuzi 45 hubaki chini ya sentimita 5, na ukishuka chini ya nyuzi 35 hauwezi kupita bila kugusa chuma. Kwa hiyo mfungaji huupandisha mpira juu. Huuweka kwenye vidole vya mkono mmoja juu ya kichwa, mkono wa pili ukiushika ubavuni, kiwiko kikielekea peteni. Magoti hukunjwa na kunyooshwa, kifundo cha mkono humalizia, na macho hayaondoki kwenye ukingo wa nyuma wa pete. Mwanzoni anasimama mita moja tu kutoka kwenye mlingoti, na harudi nyuma mpaka mipira mingi iwe inaingia.

Mlinzi naye hujifunza umbali. Mbele ya mwenye mpira, miguu yake iwe angalau mita 0.9 kutoka ulipotua mguu wa mpinzani. Akiisha kupata umbali huo anaweza kuinua mikono na kuruka. Kumgusa na kumvurugia mchezo ni kosa.

Vifaa ni vichache. Fundi wa kuchomelea hutengeneza pete kwa nondo ya milimita 12 yenye urefu wa sentimita 123 hivi, na kuiunga ikae sentimita 15 mbele ya mlingoti. Kiwanja hupimwa kwa kamba: mshazari ukitoka mita 34.1 pande zote mbili, pembe zake ziko sawa. Mvua za Kyela, kubwa zaidi kati ya Machi na Mei, hufanya udongo uteleze, na mguu wa kuzungukia ukiteleza goti huumia. Siku hizo ni bora kufanya pasi za kusimama na ufungaji, na mbio zingoje kiwanja kikauke.

Shule nyingi humpa msichana mrefu kuliko wenzake herufi ya GS au GK siku ya kwanza, naye huivaa mpaka anamaliza darasa la saba bila kujua kutoa pasi ya bega. Walimu wawazungushe wanafunzi katika nafasi zote 7 kwa msimu mzima kabla ya kumgawia yeyote herufi yake.