Testi Imefeli na Brauza Ikajifunga? Isimamishe Kabla Ifute Ushahidi

Buda, cheki hii. Uko kejani saa nane usiku, testi za Selenium zinakimbia zenyewe. Brauza inafunguka, inajibonyeza, halafu paap! Imefeli. Kabla ujue nini imefanyika, imejifunga.

Mimi hiyo stori ilinikula siku mbili. Kuna mteja wa duka la onlaini alinipea kagigi, na malipo ilikuwa ije testi zote zikipita. Zingine zote zinapita, moja inagoma: ya kibonyezo cha "Lipa". Kwa macho yangu kibonyezo kiko. Mashine inasema imengoja sekunde 10 na haijakiona. Rent nayo haingoji hata moja.

Shida ni hii: testi ikifeli, ile sehemu ya kusafisha inapita na kufunga kila kitu. Ni kama kuitia fundi wa stima, akifika taa zimerudi. Unabaki tu na maandishi mekundu.

Dawa iko ndani ya pytest tayari. Endesha hivi:

pytest -x --pdb

Hiyo --pdb inaambia mashine ikigonga kosa isimame hapo hapo, kabla ya kusafisha, ikupee dibaga, yaani mahali unauliza programu maswali ikiwa bado hai. Hiyo -x inazuia isiendelee na testi zingine baada ya hapo.

Mwanzo itakuchanganya, juu utajipata ndani ya mistari ya Selenium yenyewe, sio yako. Tulia. Andika u, bonyeza Enter, rudia mpaka uone mstari wako. Sasa uliza:

p driver.get_window_size()

Yangu ilijibu 800 kwa 600. Wueh! Brauza ilikuwa inakimbia bila kuonekana kwa skrini, dirisha dogo, so site ikadhani ni simu ikaficha kibonyezo ndani ya ile menyu ya mistari mitatu. Nikapiga driver.save_screenshot('ona.png'), picha ikathibitisha. Nikapanua dirisha, testi ikapita. Siku mbili zimeenda, na jibu ni namba mbili tu!

Ukitaka isimame mahali unachagua mwenyewe, weka breakpoint() kwa huo mstari. Iko kwa Python tangu 3.7, ya 2018. Wasee wa Playwright wako na page.pause(), lakini hakikisha brauza inaonekana. Ukimaliza kwa dibaga, c inaendelea, q inatoka.

Usiache hizo vitu ukituma kazi kwa seva, huko hakuna mtu wa kuandika kitu. Na ukisimamisha, usiende kutafuta smokie. Testi imesimama lakini site haijasimama. Ukirudi unaweza pata umetolewa kwa akaunti, na sasa uko na kosa ingine.